Kumaliza Kazi Tuliyoachiwa: Tuchague Injini Gani?



Hapa Matiliku tuliachiwa mashine ya kusaga isiyo na injini. Mama zetu walianza kazi hiyo mwaka 1992, Makueni ilipotengwa na Machakos ikawa wilaya. Kwa mwethya walifyatua matofali, wakajenga chumba, wakanunua kinu. Halafu ukame ukaja na pesa zikaisha. Wengi wao sasa ni marehemu, na sisi watoto wao tulikuwa bado tunabeba mahindi kwenda kusagiwa mbali. Tulipoamua kumaliza, tulijifunza haya.

1. Kwanza, mali ni ya nani?
Mali bila daftari hupotea bila habari. Tulisoma daftari la zamani jina kwa jina, na jamaa za kila mama aliyechanga wakapewa nafasi. Bila hivyo, siku ya kuwasha mashine ingekuwa siku ya kugombana. Kisha tulikwenda ofisi ya maendeleo ya jamii, kwa maana vikundi sasa husajiliwa chini ya sheria ya mwaka 2022.

2. Kinu ndicho huchagua injini, si bei.
Wengine wetu walitaka injini kuukuu ya petroli kwa kuwa ni rahisi. Fundi akatusomea kibao cha kinu: nguvu za farasi 10, mizunguko 3,000 kwa dakika. Injini ile ilikuwa ya farasi 5! Ingezimika kila mahindi yakiingia, na pesa za akina mama zingekwisha hapo. Tena, mahali pa juu hewa ni nyepesi. Kwa kila mita 300 za kupanda, injini ya kawaida hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu. Penye mita 1,200, farasi 10 huwa kama 9 tu. Kwa hiyo tulitafuta ya farasi 12.

3. Dizeli au stima?
Mota ya stima haina kelele wala haihitaji oili ya injini. Lakini mota kubwa hivi huhitaji stima ya fezi tatu, na nyumba nyingi za kijijini zina laini ndogo. Ulizeni gharama ya laini kabla ya kununua mota. Sisi tulichagua dizeli, ile ya mwendo wa polepole, kwa sababu hudumu na mafundi wengi wanaijua.

4. Puli zilingane.
Zidisha mizunguko ya injini kwa upana wa puli yake, kisha gawanya kwa upana wa puli ya kinu. Injini ya mizunguko 1,500 yenye puli ya sentimita 30, na kinu chenye puli ya sentimita 15, hutoa 3,000. Mkanda ufunikwe, maana leso na watoto hawapatani nao.

5. Pesa za spea.
Kazi nzito hunywa kama lita 2 hadi 3 za dizeli kwa saa. Toeni mafuta, oili na mshahara wa msagaji, kisha wekeni akiba ya spea kabla ya kugawana chochote.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:
- Ni kazi gani tuliyoachiwa imelala kwetu?
- Daftari lake liko kwa nani?
- Nani atatunza ufunguo, na nani atatunza pesa?