Kabla hujamuuzia mteja AC, muulize: mashine ya nje itakaa wapi?

Somo la leo ni la wanaouza vifaa vya umeme mtandaoni, hasa AC. Ila hata kama unauza friji au majiko, pitia tu, kuna kitu utachukua.

Duka langu liko Kiberege, huku bonde la Kilombero, lakini oda nyingi za AC napata kwa simu. Mzigo unatoka Kariakoo unaenda moja kwa moja kwa mteja, iwe Ifakara, Morogoro mjini au ghorofani huko huko Dar. Maana yake nyumba ya mteja siioni. Yeye anauliza bei tu. Mimi kabla sijapokea hela namuuliza: ile mashine ya nje itakaa wapi?

Sababu ni hii. AC inachukua joto la chumbani inalitupa nje, na kinacholitupa ni lile boksi la nje lenye feni na kompresa. Likikosa hewa, linavuta tena joto lake lenyewe. Kompresa inateseka, Luku inakwisha haraka, chumba hakipoi, na jua likiwa kali mashine inaweza kujizima. Mteja hatasema fundi kaweka vibaya. Atasema umemuuzia feki, na ataandika hivyo kwenye komenti zako.

Nyumba ya chini yenye uwanja haisumbui sana. Balkoni ya ghorofa ndo ina mitego. Angalia haya:

1. Hewa ya moto ipate pa kutokea
Mashine nyingi zinavuta hewa kwa nyuma na ubavuni, zinatema mbele. Balkoni ikiwa na ukuta wa tofali mpaka kiunoni, mashine ikikaa sakafuni inatema moto kwenye ukuta na moto unarudi. Grili zenye nafasi zina nafuu. Balkoni iliyofungwa vioo pande zote haifai kabisa, tafuteni sehemu nyingine.

2. Mtoto
Hili wengi hawalifikirii. Mashine ya BTU 9,000 au 12,000 ina kimo cha kama nusu mita. Ukiiweka sakafuni karibu na grili, umemtengenezea mtoto ngazi. Akisimama juu yake, grili ya mita moja inamfika kiunoni au chini ya hapo, na yuko ghorofa ya tatu. Kwenye nyumba yenye watoto hii ndo sababu ya kwanza ya kukataa sakafuni, hata kama upepo unatosha.

3. Kwa hiyo pazuri ni wapi?
Mara nyingi ni kwenye ukuta wa nyumba wenyewe, juu, kwa breketi, feni ikitazama nje. Hapo moto unapita juu ya vichwa vya watu na juu ya grili, na mtoto hafiki. Ila msiibanishe na dari. Vitabu vingi vya AC vinataka nyuma kubaki kama sentimita 10 hadi 30, ubavu unaovuta hewa kama 30, na upande wa mabomba na juu kama 60. Namba zinatofautiana, kwa hiyo fundi afuate kitabu kilichokuja na hiyo mashine.

Kuining'iniza nje ya grili, hapana. Fundi wa kuisafisha atafanya kazi akiwa hewani, na nati ikilegea itamwangukia mtu wa chini.

4. Ukuta ubebe
Hizi mashine ndogo zina kama kilo 25 hadi 40, na zinatetemeka. Bolti ziingie kwenye zege au tofali imara. Kwenye grili, hapana. Fundi aweke na vipande vya mpira chini ya miguu ya mashine, mtetemo usipite ukutani. Na isikae karibu na dirisha la kulala la jirani.

5. Maji na ruhusa
Maji ya AC yanatoka kwenye kile kipande cha ndani. Bomba lake literemke mwanzo mpaka mwisho, liishie kwenye mfereji au ndoo, lisimdondoshee wa chini nguo zake zikiwa kambani. Mpangaji aombe ruhusa ya mwenye nyumba kabla ya kutoboa. Kwenye majengo yenye wamiliki wengi, kuna Sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo, na umoja wa wamiliki ndo unasimamia maeneo ya pamoja. Ukuta wa nje usiguswe bila kuwauliza.

6. Pafikike kusafishwa
Huku kwetu miwa ikichomwa kabla ya kuvunwa, majivu meusi yanatua kila mahali, mpaka kwenye rejeta ya nyuma ya mashine. Ikiziba, ni kama umeiwekea ukuta. Karibu na bahari shida ni chumvi, breketi ziwe zimepakwa zinki. Popote pale, fundi aweze kufika na maji akiwa amesimama salama ndani ya balkoni.

Na mwambie mteja balkoni ikishakuwa na mashine, sio stoo tena. Hili na sisi wauzaji tunaorundika maboksi balkoni linatuhusu.

Ujumbe wa kukopi, mtumie mteja:

"Asante kwa oda. Kabla hujalipa naomba picha 4: balkoni nzima ukiwa mlangoni, ukuta unaotaka tufunge, grili au ukuta wa mbele, na ukuta wa chumbani itakapokaa ya ndani. Nipimie pia umbali kati ya ya ndani na ya nje. Je, kuna watoto? Una ruhusa ya mwenye nyumba?"

Umbali unauliza kwa sababu bomba la kopa linalokuja kwenye boksi ni fupi. Likihitajika refu zaidi, au breketi kubwa zaidi, mteja aijue bei leo, asiijue fundi akiwa juu ya ngazi.

Wapo watakaoona unawachelewesha wakaenda kwingine. Sawa. Anayebaki anajua ulimuuliza mambo ambayo muuzaji wa bei tu hakuuliza, na AC yake ikipoza vizuri atakutajia majirani.

Picha zikionyesha balkoni haifai, mwambie ukweli kabla hela haijaingia. Kurudisha mzigo Kariakoo kuna nauli, na nauli hiyo nani atalipa?

Wewe unauza kitu gani ambacho kikiwekwa vibaya mteja anakulaumu wewe? Andika hapo chini, tupeane maujanja.