Dondoo muhimu: kabla ya kununua Citroën XM kuukuu

Bei yake isikulevye. XM, gari la wakubwa lililoundwa Rennes, Ufaransa, kuanzia 1989 hadi 2000, halina springi za chuma. Linabebwa na matufe yenye gesi ya naitrojeni na mafuta ya haidroliki. Lifikie injini ikiwa baridi. Liwashe, subiri linyanyuke lenyewe, kisha likandamize kwa mikono kila pembe. Linapaswa kuzama na kurudi taratibu. Likiwa gumu kama ubao, gesi imeisha. Hilo lisikutishe, matufe hubadilishwa bila taabu kubwa.

Ninachokiogopa mimi ni kutu. Fungua boneti, papasa vichwa vya shokapu za mbele, pale mpira uliposhikana na chuma. Mpira na chuma vikianza kuachana, usithubutu kuliendesha.

Kisha tega sikio: gari limesimama, injini inanguruma, ukisikia “tak” kila baada ya sekunde chache, tufe kuu limechoka. Mafuta ya haidroliki ya gari hili ni ya kijani, yaitwayo LHM. Ya breki za kawaida huharibu mipira yote. Matoleo ya mwanzo husumbua kwa umeme, hasa kwenye viungio vya nyaya.

Risiti ya mkanda wa taimingi isipokuwepo, toa gharama yake kwenye bei.