Dhana kuhusu wanawake zinavyochelewesha matibabu

Mwanamke anapolalamika kwamba kifua kinamuuma, mara nyingi huambiwa ni mawazo mengi, vidonda vya tumbo au uchovu wa kazi. Mwanamume mwenye malalamiko hayo hayo huenda akapimwa moyo papo hapo. Je, tofauti hii inatoka wapi?

Wataalamu wa saikolojia wamelichunguza jambo hili kwa miaka mingi. Mnamo 1970, Inge Broverman na wenzake nchini Marekani waliwataka wahudumu 79 wa afya ya akili kueleza sifa za mtu mwenye akili timamu. Baadhi waliulizwa kuhusu mwanamume, wengine mwanamke, na wengine mtu mzima bila kutajwa jinsia. Sifa za mtu mzima zilifanana na za mwanamume. Mwanamke mwenye afya alielezwa kuwa mtiifu zaidi, mwepesi wa kushawishika na mwenye hisia nyingi. Wahudumu wa kike walijibu sawa na wenzao wa kiume.

Utafiti mwingine ulichapishwa Marekani mnamo 1999. Madaktari 720 walionyeshwa kanda za video za waigizaji waliojifanya wagonjwa wa kifua, wakisema maneno yale yale. Wanawake weusi ndio waliokuwa na nafasi ndogo zaidi ya kupendekezewa uchunguzi wa mishipa ya moyo.

Dharau na 'heshima'

Mnamo 1996, Peter Glick na Susan Fiske walionyesha kwamba ubaguzi wa kijinsia una sura mbili. Ya kwanza ni uhasama: mwanamke ni mjanja, anataka kumtawala mwanamume. Ya pili huonekana kama heshima: mwanamke ni dhaifu na safi, sharti alindwe. Mnamo 2000 walitangaza matokeo kutoka nchi 19, zikiwemo Nigeria, Botswana na Afrika Kusini, yaliyohusu zaidi ya watu 15,000. Palipokuwa na uhasama mwingi, 'heshima' hiyo pia ilikuwa nyingi. Hii ni kwa sababu anayelindwa ni yule tu anayekaa mahali alipowekwa. Akitoka hapo, huitwa malaya.

Hapa ndipo afya inapodhurika. Saratani ya mlango wa kizazi husababishwa na virusi vya HPV, ambavyo huambukizwa kwa kujamiiana. Virusi hivi vimeenea mno, na mke aliyemjua mwanamume mmoja tu maishani anaweza kuvipata. Lakini wapo wanaoamini kwamba ni ugonjwa wa wanawake wenye tabia mbaya. Kwa hivyo mama mwenye heshima zake huona haya kupimwa, naye mzazi husita kumpeleka binti kuchanjwa akihofia kwamba atajifunza uasherati. Nchini Kenya, chanjo hiyo imekuwa ikitolewa kwa wasichana kuanzia umri wa miaka 10 tangu 2019. Huzuia maambukizi, haifundishi mtoto tabia yoyote.

Ufanye nini?

1. Eleza dalili bila kuzipunguza: zilianza lini, huja wakati gani na zinakuzuia kufanya nini. Usianze kwa kusema, "Labda ni mawazo tu."

2. Ukiambiwa ni mawazo, uliza: "Daktari, ni magonjwa gani mengine yanayoweza kuleta dalili hizi, na tumeyaondoaje?" Hilo si utovu wa adabu.

3. Maumivu ya kifua yakiandamana na kukosa pumzi, jasho jingi, kichefuchefu, au maumivu ya taya au mgongo, nenda hospitalini mara moja. Wanawake hupata shtuko la moyo kama wanaume.

4. Ukifika miaka 30, pimwa mlango wa kizazi hata kama huna dalili yoyote. Wenye virusi vya HIV huanza mapema, wakiwa na miaka 25.

5. Mume, usingoje kuombwa ruhusa. Mhimize mkeo apimwe na umsindikize.

Nasi wahudumu wa afya tujiulize swali moja kabla ya kumrudisha mama nyumbani na dawa za kutuliza maumivu: angekuwa mwanamume, ningempima nini? Saratani ya mlango wa kizazi huchukua miaka mingi kukomaa, na ikigunduliwa mapema hutibika. Mama anayezuiwa na haya hufika kwetu wakati muda huo umekwisha.