Kwa Nini Mafuta Yakishuka, Hisa Nazo Huyumba?

Wengi wetu huamini kwamba ukigawa pesa zako, nusu kwenye hisa na nusu kwenye mafuta au dhahabu, basi uko salama. Si kila mara.

Tuangalie Jumatatu, Machi 9, 2020. Hofu ya korona ilikuwa imetanda, na Saudi Arabia na Urusi zilikuwa zimekosa kuelewana kuhusu kupunguza uzalishaji wa mafuta. Siku hiyo bei ya mafuta ghafi ya Brent ilianguka kwa takriban asilimia 24. Huko New York, hisa zilishuka haraka hadi biashara ikasimamishwa kwa dakika 15. Siku chache baadaye hata dhahabu, kimbilio la wengi, ikashuka.

Mtikisiko ulihamaje? Wawekezaji wakubwa hushika hisa na bidhaa kwa pamoja, wengine kwa pesa za mkopo. Wakipata hasara upande mmoja, mkopeshaji anadai. Hapo wanauza chochote kinachouzika.

Kwa hivyo kabla hujabonyeza "Wekeza" kwenye simu, tenga kwanza karo, kodi ya nyumba na pesa za dharura. Wekeza zile tu unazoweza kuziacha soko likiyumba. Anayeumia zaidi ni yule analazimika kuuza bei ikiwa chini.