Vijidudu vya tumboni: Fundisho la simbilisi

Tusikiapo neno "bakteria" wengi wetu hufikiri mara moja juu ya ugonjwa. Ni kweli, wapo bakteria waletao homa ya matumbo na kuhara damu. Lakini ndani ya utumbo wa kila mtu mwenye afya wanaishi bakteria wengi mno wasiomdhuru. Je, wana kazi gani? Mwezi huu tujifunze kwa mnyama mdogo, simbilisi.

Kulelewa bila vijidudu

Mwaka 1885 Louis Pasteur wa Ufaransa alidhani kwamba mnyama asiye na kijidudu chochote hawezi kuishi. Mwaka 1895, mjini Berlin, Nuttall na Thierfelder walilijaribu jambo hilo. Walimtoa mtoto wa simbilisi tumboni mwa mama yake kwa kupasua, wakamweka katika chombo kisicho na vijidudu, chenye hewa iliyochujwa. Walimlisha maziwa yaliyochemshwa, usiku na mchana. Aliishi siku nane.

Kuanzia mwaka 1928 James Reyniers aliiendeleza kazi hiyo katika Chuo Kikuu cha Notre Dame, chuo cha Kikatoliki huko Marekani. Wanyama walilelewa ndani ya matangi ya chuma, wakihudumiwa kwa glavu ndefu za mpira zilizofungwa kwenye ukuta wa tangi.

Safi, lakini dhaifu

Wanyama hao hawakuwa na kijidudu hata kimoja, lakini hawakuwa imara. Sehemu ya utumbo wao ilivimba kupita kiasi, na kinga ya mwili ilikuwa ndogo. Mwaka 1961 wataalamu waliwapa simbilisi wa namna hiyo bakteria wa kuhara damu, nao wakafa. Wenzao waliotangulia kupewa bakteria wa kawaida wa utumboni waliokoka. Kwa nini? Bakteria wenyeji walikuwa wamekwisha kukalia nafasi na kula chakula. Adui alipofika hakupata mahali.

Tena, simbilisi wa kawaida akipewa penisilini aweza kufa. Dawa huwaua bakteria wake wema, na wabaya waliobaki huongezeka. Mwili wetu si sawa kabisa na wa simbilisi, lakini sisi nasi twaweza kuhara vibaya baada ya kutumia antibiotiki.

Tufanye nini nyumbani?

1. Tusikimbilie kununua antibiotiki dukani kila mtoto aharapo. Mara nyingi kuhara kwa watoto huletwa na virusi, na dawa hizo haziui virusi. Apewe maji ya ORS, aendelee kunyonya na kula. Akihara damu, akilegea au akishindwa kunywa, apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa.

2. Antibiotiki zikiandikwa na mganga, tufuate maelekezo yake. Tusimpe mtoto vidonge vilivyobaki vya mwingine.

3. Mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6 ya kwanza. Maziwa hayo hulisha bakteria wema.

4. Tunawe mikono kwa sabuni na tutumie choo. Bakteria wema ni walinzi, lakini hata mlinzi hodari huzidiwa mlango ukiachwa wazi.