Mhandisi wa umeme anajibu: dhoruba, radi na kinu cha nyuklia

Tangu urani ya Mkuju, kule Namtumbo, ianze kutajwa kila siku redioni, barua kutoka Songwe zimekuwa za nyuklia tupu. Zinazouliza nyuklia ni nini nimeziweka kando. Najibu zinazonikera.

Mtambo unaozalisha umeme utakosaje umeme wakati wa dhoruba? (Barua kadhaa za Tunduma, Mlowo na Vwawa)

Hapa ndipo wengi wanapopotea, wakiwemo wanaojiita wataalamu. Kinu kikizimwa hakipoi. Mtambo wa megawati 1,000 za umeme huwa na joto la megawati 3,000 hivi. Mara tu baada ya kuzimwa hubaki karibu megawati 200 za joto, na saa moja baadaye bado zinazidi 40. Joto hilo halina swichi. Pampu za maji lazima ziendelee kuzunguka, na kinu kikishazimwa, umeme wa kuziendesha hutoka kwenye gridi, zile zile nyaya ambazo upepo umekwisha kuziangusha. Hapo zinabaki jenereta za dizeli. Mwaka 1992 kimbunga Andrew kilipiga Turkey Point, Florida: vinu vikasimama imara, umeme wa nje ukakosekana zaidi ya siku tano, jenereta zikaokoa jahazi. Fukushima, Machi 2011, tetemeko lilikata umeme wa nje, kisha tsunami ikazamisha jenereta. Sasa mtu akija kukusimulia unene wa zege la kinu, mwulize laini ngapi zinaingia mtamboni, zimepita wapi, na jenereta zimewekwa kimo gani.

Laini zikiwa mbili si tumepona?

Zikiwa kwenye minara ile ile, mbele ya upepo ni moja.

Laini ya kilovolti 400 ya Iringa, Mbeya, Tunduma hadi Sumbawanga haitoshi kuleta kinu huku?

Laini husafirisha umeme, haikuzi gridi. Kanuni inayofuatwa na wengi ni kwamba mashine moja isizidi asilimia 10 ya gridi nzima, maana radi ikiitoa ghafla, inaburuta zingine zote gizani, na kinu chenyewe kinakosa umeme wa pampu. Bwawa la Nyerere lina megawati 2,115, lakini zimegawanywa kwenye mitambo tisa ya 235.

Vimbunga ni vya pwani. Sisi wa nyanda za juu tuna hofu gani?

Kweli, kimbunga Hidaya cha Mei 2024 hakikufika Tunduma. Kwetu ni radi, mvua ya mawe na upepo wa ghafla, Novemba hadi Aprili. Anayepima hatari hufuata kumbukumbu za miaka mingi za mahali penyewe.

Transfoma ya mtaani kwetu hupigwa kila mwaka. Mganga anasema ni radi ya kutumwa.

Radi haitumwi. Kaangalie mguu wa nguzo. Mara nyingi utakuta waya wa ethi umekatwa usawa wa goti, shaba imekwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Kinga ya radi iliyo juu haina pa kuishushia ardhini, basi radi inapita kwenye transfoma. Aliyeituma ni mwizi, na jirani aliyemwona akanyamaza.

Jenereta za kinu zikiwepo, wasiwasi wa nini?

Zitakunywa nini, malori ya mafuta yakikwama mlima Kitonga?