SOMO LA UFUNDI: KUBADILISHA PROGRAMU YA NDANI YA DEKODA KWA KLE USB



Mahali pengi kuko dekoda moja tu ya parabole kwa watu wote, na ikikufa hakuna ya pili. Kazi tunayojifunza leo inaweza kuiponya dekoda yenye kusumbua. Lakini ukifanya vibaya, inaweza kuiua kwa dakika moja. Basi soma mpaka mwisho mbele ya kugusa kitu.

1. Programu ya ndani ni nini?

Ndani ya dekoda kuko ordinateri ndogo. Inaongozwa na programu iliyoandikwa katika memoria isiyosahau hata umeme ukikatika. Memoria hiyo inaitwa flash. Mjapani Fujio Masuoka, aliyefanya kazi Toshiba, aliitangaza mwaka 1984. Kle USB nayo ni ya ukoo huo. Mtengenezaji akigundua kosa katika programu yake, anaitengeneza na kutoa programu mpya.

2. Kitu ambacho programu haiwezi

Wengine wanazani programu mpya itafungua chaneli zote. Sivyo. Dekoda iliyotengenezwa kwa DVB-S peke yake haitasoma chaneli za DVB-S2, ile namna ya kutuma iliyokubaliwa mwaka 2005. Sababu yake: kipande cha elektroniki kinachofungua ishara hakibadiliki kwa programu. Tena, dekoda nyingi za kulipia zinapokea programu mpya kutoka satelite yenyewe. Hizo usizitie kle.

3. Matayarisho

a) Soma jina la modeli chini ya dekoda, kisha soma namba zilizo katika menyu. Dekoda mbili zinaweza kufanana kwa sura, na vipande vya ndani vikawa mbalimbali.

b) Chukua programu ya modeli ile ile, kwa mtengenezaji mwenyewe. Kama imefungwa katika zip, ifungue kwanza.

c) Kle iwe katika mpango wa FAT32. Kuipanga upya kunafuta vyote vilivyomo. Basi nakili masomo yako pengine. Weka programu peke yake, nje ya kila dosye.

d) Andika kwa karatasi satelite zako na namba za kichwa cha parabole: mara nyingi 5150 kwa bandi C, 9750 na 10600 kwa bandi Ku. Kazi ikiisha, dekoda inaweza kuwa imesahau yote.

4. Kazi yenyewe

Hakikisha umeme hautakatika. Kama mtaa wenu unakatiwa kila mara, tumia betri na invertere. Ukitumia grupe, pima mafuta kwanza. Tia kle, fungua menyu, tafuta mahali pa kubadilisha programu kwa USB, chagua jina la programu, kubali. Kisha acha mikono. Usiguse telekomande, usitoe kle, hata kama ekra imekuwa nyeusi. Dekoda itajizima na kujiwasha yenyewe. Mwishoni, soma tena namba ya programu katika menyu: imebadilika?

5. Kwa nini hatari ni umeme?

Memoria ya flash haiandiki juu ya maneno ya zamani. Inafuta fungu zima kwanza, kisha inaandika mapya. Umeme ukikatika katikati, ya zamani imekwisha kufutwa, mpya haijatimia. Dekoda haijui tena kuanza. Modeli zingine zinaweza kuokolewa na fundi mwenye ordinateri na kamba ya seri, zingine hapana.

Na neno la mwisho: dekoda ikitumika vizuri na haina kosa, iache vile iko.

MASWALI

1. Kwa nini tunaandika namba za kichwa cha parabole mbele ya kuanza?
2. Dekoda ya DVB-S haioni chaneli ya DVB-S2. Programu mpya itasaidia? Eleza.
3. Umeme umekatika mbele ya kukubali, tena umekatika nyuma ya kukubali. Hatari iko wapi, na kwa sababu gani?